Barua kwa mwanangu: zile pakiti za Kichina

Mwanangu Kabula,

Jumapili uliniuliza kwenye simu nikakukatisha, kwa sababu shangazi yako alikuwa amekaa pembeni ametega sikio. Ulitaka kujua kama zile dawa za Kichina za kutuliza moyo zilinisaidia, na kama zilinisaidia, mbona nimeziacha wakati wewe uko tayari kunitafutia nyingine Kariakoo. Nakuandikia.

Ilianza kabla hedhi haijakatika kabisa. Mwezi huu inakuja mara mbili, kisha miezi mitatu kimya. Joto nililivumilia. Likinipanda usiku natoka barazani, natazama taa za wavuvi wa dagaa ziwani mpaka upepo unipoze, narudi kulala. Lililonishinda ni la moyoni. Siku moja pale sokoni Mwaloni kuli alihesabu magunia kumi na moja badala ya kumi na mbili. Gunia moja tu, Kabula! Nilimfokea mpaka watu wa mizani wakageuka, halafu nikaenda nyuma ya mabanda nikalia kama nimefiwa. Nikanawa uso, nikarudi kuhesabu. Shangazi yako akasema ni mapepo, niende nikaombewe.

Kwenye lile duka la dawa za Kichina ndiko nilikoulizwa kwa mara ya kwanza kama nalala. Mama wa pale alinishika kifundo cha mkono, akasikiliza mapigo kwa vidole vitatu, akaniambia nitoe ulimi. Kliniki ninakochukulia vidonge vya presha, mwaka wa sita huu, wananipima, wanaandika, wanaita mwingine. Nadhani nusu ya nafuu niliipata palepale kwenye kiti.

Alinipa pakiti za kuchemsha. Ndani mna ngano, kunazi nyekundu kubwa zilizokunjamana kama vidole vya mtu aliyefua kutwa, na vipande vya mzizi wa njano ambao utamu wake hauondoki kooni. Nilichemsha kwenye jiko la mkaa asubuhi na jioni, nyumba ikanukia uji. Masanja wa mjomba wako, aliyesomea udaktari China, ndiye aliyenisomea maandishi. Mzizi ule wanauita gancao. Dawa yenyewe imetoka kwa tabibu wao Zhang Zhongjing, aliyeishi miaka 1,800 hivi iliyopita, na aliiandikia mwanamke mwenye huzuni, anayetaka kulia ovyo kana kwamba amepagawa, na anayepiga miayo kila mara. Nilicheka peke yangu. Kumbe mapepo ya shangazi yako yalishafika China zamani, na tabibu akayaagizia ngano na kunazi kumi!

Lakini Masanja hakunipamba. Kwa maelezo ya hospitali, miaka ile hedhi inapoelekea kukoma, homoni ya estrojeni hupanda na kushuka bila mpangilio, na hilo hugusa usingizi na hisia. Aliyewahi kuugua sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, huwa rahisi zaidi kurudiwa. Hapo nikamkumbuka mdogo wako: nilipomzaa nililia miezi miwili, watu wakasema ni uchovu. Kuhusu dawa za mitishamba ya Kichina kwa dalili hizi, aliniambia mwaka 2016 watafiti walikusanya majaribio 22 yenye wanawake karibu 2,900, wakakuta ushahidi hautoshi kusema zinashinda dawa bandia, ile ya kujaribia isiyo na dawa ndani.

Sizidharau, usinielewe vibaya. Dawa mseto unayomeza ukiugua malaria ina kitu kilichotolewa kwenye pakanga ya Kichina, na mama aliyeongoza kazi hiyo, Tu Youyou, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ila wale walikitoa, wakakipima, wakajua kiasi cha kumpa mtu. Mimi nilikuwa nachota kwa kiganja.

Wiki ya tano miguu ikavimba, ndala zikaacha alama. Kupanda ngazi za kwa mjomba wako magoti yakawa kama pamba. Presha ikasoma 178 kwa 104, na vidonge sikuwahi kuruka hata siku moja. Ni ule mzizi mtamu. Ukiunywa kwa wingi, siku nyingi, mwili unashika chumvi na maji na kupoteza madini ya potasiamu. Na vidonge vyangu vya presha, ambavyo ni vya kukojoza, navyo vinaipunguza potasiamu hiyohiyo. Pale dukani niliulizwa mengi, lakini sikuulizwa natumia dawa gani, nami sikusema. Kliniki nako nilificha, nikiogopa kugombezwa. Hilo ni kosa langu.

Kwa hiyo usinitafutie kitu Kariakoo, hata wakikuambia ni majani matupu. Niliacha, na baada ya wiki chache presha ikarudi ilipokuwa. Nimeshaonana na daktari wa afya ya akili mara tatu. Anauliza maswali kama yule mama wa Kichina, tofauti yake kwanza aliniambia nimwage mkoba wa dawa mezani. Vipindi vya joto bado vinakuja. Kulia kumepungua, sijalia Mwaloni tangu Pasaka.

Kunazi zilizobaki nilizichambua nikazipeleka sokoni. Yule kuli amezila karibu zote, anasema ni tamu kuliko za kwao Shinyanga.

Mama yako