Namba ndani ya helmeti: mwenyewe ni nani?

SWALI: Nimenunua mnadani helmeti ya chuma ya Marekani ya Vita vya Pili vya Dunia, aina ya M1. Kofia yake ya ndani imeandikwa S 4127. Muuzaji anadai namba hiyo itanifikisha kwa askari mwenyewe. Kweli? Na niisafisheje? (Msomaji, Ohio)

JIBU: Itakufikisha mtaani kwake, si mlangoni. Hiyo ni namba ya dobi, alama ya kutambua vitu vya askari vikienda kufuliwa: herufi ya kwanza ya jina la ukoo na tarakimu nne za mwisho za namba ya jeshi. Orodha ya walioandikishwa, iliyoko National Archives, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Marekani, ina watu kama milioni 9. Tarakimu nne zinatoa namba 10,000, kwa hiyo kila moja inaangukia watu kama 900. Ukichuja wa S utabaki na makumi, maana akina Smith peke yao si haba. Ingekuwa Q ungepumua.

Tafuta jina au kikosi. Zima taa, laza tochi ubavuni mwa mkanda wa ngozi unaogusa paji la uso: wino ukififia, mkandamizo wa kalamu hubaki. Hata ukipata jina, moto wa 1973 katika hifadhi ya mafaili ya wanajeshi huko St. Louis uliteketeza takriban 80% ya mafaili ya jeshi la nchi kavu ya walioachishwa kati ya 1912 na 1960. Ripoti za kila siku za vikosi zilisalimika, anzia huko.

Kumbuka pia kwamba ganda la chuma na kofia ya ndani vilibadilishwa ovyo, kambini na hata madukani. Tazama vitanzi vya mkanda wa kidevu: visivyocheza ni vya mwanzo, vilivyokuwa vikikatika helmeti ikianguka, vinavyocheza vilianza 1943. Maungio ya ukingo yalihamia nyuma mwishoni mwa 1944, hivyo ganda la namna hiyo haliwezi kuwa la askari aliyeuawa Normandy Juni 1944, hata cheti cha muuzaji kiwe na mihuri mingapi. Na jina lililopakwa juu ya kutu limeandikwa juzi.

Kusafisha ni brashi laini, kavu, basi. Sabuni husambaza wino. Mafuta hutia rangi weusi na kunasa vumbi.

SWALI: Ndani ya ganda, mbele, pamegongwa namba na herufi. Ni za askari?

JIBU: Hapana, ni za fungu la chuma kiwandani. Ukiona S ya ziada, ganda ni la kiwanda cha Schlueter. Isipokuwepo, ni la kiwanda cha McCord.