Mtoto wa mbwa aliyenikimbilia na yule aliyebaki pembeni: nimchukue yupi?

SWALI: Daktari, salamu. Tunatafuta mbwa wa nyumbani. Tuna watoto wawili, wa miaka 4 na 9. Jumamosi tulikwenda kuona watoto wa mbwa sita wa tumbo moja, wana wiki saba. Mmoja alinijia mbio akaanza kutafuna kamba za viatu vyangu. Mwingine alibaki pembeni akitutazama, na binti yangu mkubwa hataki kusikia habari ya mwingine yeyote ila huyo. Jirani yangu anayefuga mbwa anasema tusihangaike kuchagua, "acheni mbwa awachague ninyi." Je, kitaalamu hilo lina ukweli wowote? Na la pili, ambalo naona haya kidogo kuliuliza: mbwa wetu wa kwanza alikufa miaka miwili iliyopita, na siku ile nilipowatazama hawa sita sikuhisi chochote. Mke wangu alikuwa anafuta machozi. Je, ni sawa kumleta nyumbani mbwa ambaye moyo haujampenda?

JIBU: Ndugu yangu, nianze na jirani yako, maana usemi wake nausikia karibu kila wiki pale kliniki. Mtoto wa mbwa wa wiki saba hakuchagua wewe. Alichagua kamba ya kiatu. Umri huo hulala saa 18 hadi 20 kwa siku, na muda wa kuwa macho huja na kupita haraka. Huenda yeye ndiye aliyekuwa ameamka sasa hivi, wenzake wameshiba na usingizi umewalemea. Ungefika saa mbili baadaye ungemkuta wa kamba amelala chali, tumbo juu, na mwingine kabisa ndiye angekuja kukulaki. Kwa hiyo jambo la kwanza: rudi, siku nyingine na saa nyingine, kabla hujasema "huyu".

Lakini kama jirani yako kakosea kuhusu mbwa, kuhusu binadamu kapatia. Mwaka 2014 watafiti wa chuo kikuu cha Florida, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwaangalia watu waliokuja kutafuta mbwa kwenye kituo cha kutunza mbwa wasio na wenyewe. Waliandika kila alichofanya mbwa alipokutanishwa na mgeni. Katika vitendo vyote hivyo, viwili tu vilionekana kuamua kama atapata nyumba: kulala karibu na mtu, na kutompuuza anapomwalika kucheza. Yaani sisi humchagua yule anayetufanya tujione tumechaguliwa. Halafu tunarudi nyumbani tukisema damu zetu zimepatana.

Sasa twende kwa yule wa pembeni, kwa sababu hapo ndipo penye kazi. Kuna vipimo vya tabia wanavyofanyiwa watoto wa mbwa wa wiki saba: unamlaza chali uone kama atapapatika, unaangusha kitu chenye kishindo, unaondoka uone kama atakufuata. Nami nilivifanya kwa miaka kadhaa, karatasi ya alama mkononi, nikijiona mtaalamu kweli kweli. Watafiti waliowapima mbwa wale wale utotoni na tena ukubwani wamekuta kwamba alama za utotoni hutabiri kidogo mno. Siku hizi karatasi nimeiacha. Kitu kimoja tu bado nakitazama: akishtuka, anachukua muda gani kurudi katika hali yake?

Ukirudi, fanya hivi. Keti sakafuni ubavu ubavu, usimkabili uso kwa uso. Usimwite, usimkazie macho. Weka mkono wazi chini, kiganja juu, uendelee kuzungumza na mwenye mbwa kama vile huyo mtoto wa mbwa hayupo. Mpe dakika tano au zaidi. Ukiona pua inatangulia, shingo inarefuka, na miguu ya nyuma imebaki pale pale ilipokuwa ili aweze kukimbia ikibidi, usitikisike. Atanusa kidole, atarudi nyuma, atakuja tena, na safari hii miguu ya nyuma nayo itakuja. Kisha angusha funguo zako kando, si kumwelekea yeye. Akiruka ni sawa, hata mimi ningeruka. Baada ya hapo ndipo utazame vizuri: anakwenda kuzinusa zile funguo, au ameganda?

Mtoto wa mbwa anayetazama kwanza, kisha akaja, ni mbwa mwangalifu tu, na wengi wa namna hiyo huwa watulivu sana ndani ya nyumba. Mtoto wa mbwa aliyeufyata mkia chini ya tumbo, anatetemeka, hata chakula hagusi ilhali ndugu zake wanavutana masikio mbele yake, huyo ni habari nyingine. Ana haki ya kupata nyumba, lakini iwe nyumba tulivu ya watu wazima. Kwako, kwenye mtoto wa miaka minne anayepiga kelele na kukimbia bila taarifa, singekushauri, na hapo itabidi ukae na binti yako umweleze. Usimwachie yeye uamuzi kisha ukamlaumu baadaye.

Kingine ambacho hujaniandikia: je, mlimwona mama? Mama mwenyewe, akiwa na wanawe, si picha yake kwenye simu. Mama mwoga huwarithisha wanawe woga kwa njia mbili, kwa damu na kwa mfano, kwa sababu wanamtazama yeye kujua nini ni cha kuogopa. Ukiambiwa "leo hajisikii vizuri, tumemfungia kule nyuma," uliza utamwona lini. Ukiambiwa hivyo tena mara ya pili, shika njia urudi kwako.

Uliza pia walipolelewa. Kuanzia wiki ya tatu hivi mpaka kati ya wiki ya 12 na ya 14, ubongo wa mbwa upo wazi kupokea dunia: watu wazima, watoto, wanaume wenye ndevu, mwavuli unaofunguka, sufuria inayoanguka. Anachokizoea wakati huo hukiona cha kawaida maisha yake yote. Asichokiona wakati huo kinaweza kumtisha hata akiwa na miaka sita. Watoto wa mbwa waliokaa wiki saba bandani nyuma ya nyumba, wakimwona mtu mmoja tu anayeleta chakula, wameshapoteza zaidi ya theluthi ya muda huo. Waliolelewa jikoni katikati ya pilikapilika wamekutangulizia kazi kubwa.

Pamoja na hayo, usimchukue akiwa na wiki saba. Subiri zitimie nane. Sasa hivi anafundishwa na ndugu zake somo ambalo wewe huwezi kumfundisha vizuri kama wao: akiuma kupita kiasi mwenzake hulia, mchezo hukatika, naye hubaki peke yake akishangaa. Baada ya mara nyingi za namna hiyo, taya hujifunza kipimo. Ukizingatia kwamba meno yake ya utoto ni kama sindano na una mtoto wa miaka minne, utaona wiki hiyo moja si ya kuruka.

Akishafika kwako unakutana na mgongano unaowasumbua wengi. Chanjo za mwanzo hutolewa kwa awamu, kila baada ya wiki mbili hadi nne, mpaka awe na wiki 16 hivi, na kabla hazijakamilika virusi vya parvo vinaweza kumwua. Wakati huohuo, lile dirisha la kuizoea dunia hufungwa kabla ya wiki ya 16. Anayemfungia ndani mpaka sindano ya mwisho hupata mbwa mwenye afya anayeogopa baiskeli. Mimi huwaambia watu wambebe. Mikononi, kwenye kapu, mapajani ndani ya gari, aone na kusikia kila kitu bila kukanyaga ardhi wanapopita mbwa usiowajua. Mbwa wazima waliochanjwa na unaowafahamu, acha acheze nao.

Hukuuliza kuhusu aina ya mbwa, nami nafurahi, maana watu wengi huanzia hapo na kuishia hapo. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti wa mbwa zaidi ya 18,000, na ukaonyesha kwamba ukijua aina ya mbwa umejua takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Aina itakuambia zaidi kuhusu ukubwa atakaofikia, manyoya utakayofagia, na magonjwa ya kurithi. Hilo la mwisho ndilo la kuogopa. Mwaka huohuo wa 2022, bulldog wa Kifaransa walikamata nafasi ya kwanza kwa kusajiliwa nchini Marekani, wakawapiku Labrador walioishika kwa miaka 31. Mbwa yule ana uso bapa na macho makubwa, ni kitoto kisichokua, na wengi wao wanahangaika kupumua maisha yao yote. Wenyewe huniambia, "Daktari, anakoroma vizuri sana." Hakoromi vizuri, mama. Anatafuta hewa.

Mwilini hakuna mengi: fizi ziwe za waridi, macho na pua vikavu, masikio yasinuke, tumbo lisiwe limevimba kama puto huku mbavu zinahesabika, dalili ya minyoo. Mengine niachie mimi au daktari wa mifugo aliye karibu nawe, ndani ya siku mbili tatu za kumpata.

Tuje kwenye lile unaloliona la aibu. Mbwa wana msuli mdogo unaoinua ncha ya ndani ya nyusi. Kwa mbwa mwitu, kama ulivyoonyesha uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019, msuli huo ni nyuzi chache tu. Ukiinuliwa, jicho huonekana kubwa na lenye huzuni, nawe moyo unakushuka. Mke wako alikutana na msuli huo. Wewe pia ulikutana nao, ila ulikuwa unawatazama hawa huku unamtafuta yule aliyekufa, na hakuna kati ya sita aliyefanana naye. Hiyo haisemi lolote kuhusu miaka kumi na zaidi inayokuja.

Kuna kipimo kilichofanywa Japani mwaka 2015. Mbwa na wenyewe waliotazamana kwa muda mrefu walipimwa mkojo, na homoni ya oksitosini, ile inayofanya kazi mama anaponyonyesha, ikakutwa imepanda kwa wote wawili. Kwa mbwa mwitu waliolelewa na watu haikuwa hivyo. Watu husimulia utafiti huu kama ushahidi wa mapenzi ya jicho la kwanza. Wanasahau kwamba wale walikuwa mbwa na watu waliokwisha kuishi pamoja.

Mbwa niliye naye sasa sikumchagua. Aliachwa kliniki akiwa amevunjika mguu wa nyuma, aliyemleta hakurudi, nikamchukua nyumbani apumzike mpaka mfupa uunge. Nilikuwa nimezika mbwa mwingine mwaka uleule, na huyu mara tatu nne nilimwita kwa jina la marehemu. Nilimlisha, nikamfunga bandeji, basi. Mfupa ukaunga, nikawa natafuta wa kumpa. Mwezi wa tano hivi tangu nimchukue, usiku umeme umekatika, niliamka kwenda kunywa maji na nikakuta nimeinua mguu juu sana gizani, mahali ambapo yeye hulala, bila kufikiri. Mguu wangu ulishajua alipo. Kesho yake nikaacha kutafuta wa kumpa.

Kwa hiyo ndiyo, mlete hata kama kifua kimya, mradi uko tayari kuamka saa tisa usiku kumtoa nje akojoe, maana atakayeamka si binti yako. Ninachokuomba ni ujiandae kwa mwezi wa nane wa umri wake, na usiupime moyo wako wakati huo. Watafiti wa Uingereza walionyesha mwaka 2020 kwamba mbwa wa miezi minane humkaidi mlezi wake kuliko alivyokuwa na miezi mitano, ilhali mgeni akimwamuru anatii. Ni ubalehe, na hupita. Mbwa wengi wanaoletwa kwangu na wenyewe wanaotaka kuwagawa wako katika umri huo, na huwa nasikitika kwa sababu miezi michache mbele kungekuwa na mbwa mwingine.

Kuhusu yule wa miaka minne: mbwa aliyelala au anayekula haguswi, na anayetaka kucheza na mbwa humwita mbwa aje, hamfuati alipo. Mbwa anayegeuza kichwa, anayelamba midomo bila chakula, anayeonyesha weupe wa jicho, anaomba nafasi. Akinguruma, mwondoe mtoto, wala usimchape mbwa. Ukimkomesha kunguruma utapata mbwa anayeuma bila onyo. Na usiwaache wawili hao peke yao chumbani, hata dakika moja.

Rudini wiki ijayo basi. Kama wa pembeni atakuja kunusa kiganja chako, mchukueni huyo. Na vaa viatu visivyo na kamba.