Swali la lugha: Pete, ishara na "tamaa" ya kila mtu

Swali: Ninaandika uhakiki wa riwaya za fantasia, zile ndefu zenye wafalme, majoka na vitu vyenye nguvu za ajabu. Sentensi yangu ya kwanza inasema: "Pete ni istiara inayoashiria tamaa ya binadamu." Mwenzangu aliyeisoma rasimu anadai nimechanganya istiara na ishara, na kwamba neno "tamaa" nimelitumia hadi limechosha. Je, ana haki? Na aina hii ya riwaya niiteje kwa Kiswahili?

Jibu: Ana haki kwa yote mawili. La kwanza ni jepesi, tulimalize.

Sitiari ni kukiita kitu kwa jina la kingine ambacho sicho: "Pete ile ni mnyororo." Istiara wapo wanaoitumia kwa maana hiyohiyo ya sitiari, lakini katika uhakiki wengi huiweka kwa hadithi nzima yenye maana ya pili chini yake, kila mhusika akisimama badala ya jambo fulani. Ishara ni kitu halisi ndani ya hadithi. Kinavaliwa, kinaibwa, kinapotea, na papo hapo kinabeba maana zaidi ya umbo lake. Pete iliyomo kidoleni mwa mhusika ni ishara. Tena J.R.R. Tolkien, ambaye riwaya yake ya pete ya aina hiyo, The Lord of the Rings, ilitoka mwaka 1954 na 1955, alieleza katika dibaji ya toleo la pili kwamba hapendi hadithi za kiistiara. Alitaka msomaji awe huru kuihusisha simulizi na mambo anayoyajua mwenyewe. Ukiita pete yake istiara, unambandika jambo alilolikana waziwazi.

Angalia pia "kuashiria". Mawingu yanaashiria mvua, maana yake mvua inakuja. Kimondo kinachopita juu ya kasri usiku wa kuzaliwa mrithi kinaashiria kweli. Pete haitabiri tamaa, inaibeba. Hapo "kuwakilisha" au "kuwa ishara ya" ndiyo salama zaidi.

Sasa "tamaa". Umeitumia kama vile ni kosa la jinai, na methali ya "tamaa mbele, mauti nyuma" imekuunga mkono. Lakini neno hilihili ndilo tunalomwambia mgonjwa na mtahiniwa: usikate tamaa. Huko tamaa ni tumaini, nayo ikikatika mtu hana alichobaki nacho. Kwa hiyo msafiri anayepanda mlima wa moto bila chakula wala njia ya kurudi, ana tamaa au hana? Kwa maana moja hana hata chembe, kwa maana nyingine ndiyo pekee inayomsogeza. Kiswahili kimekupa utata ambao mhakiki wa lugha nyingine angeutafuta kwa tochi, nawe umeufuta kwa kulifanya neno liwe la lawama tu.

Halafu si kila anayeitaka pete ana tamaa. Boromir, shujaa katika riwaya hiyo ya Tolkien, anaitaka ili auokoe mji wake unaotishiwa na adui. Anapojaribu kumpora Frodo, aliyekabidhiwa pete akaiangamize, anakosea, lakini kilichomfikisha hapo kilianza kama shauku ya kuwalinda watu wake. Ukimwandikia "tamaa" tangu mwanzo, umemhukumu kabla hadithi haijamhukumu. Gollum, aliyewahi kuwa na pete akaipoteza, ni mwingine kabisa: huyo ana uchu. Uchu ni hamu ya mwili, ile ya mtu aliyekosa kitoweo siku nyingi, na ndiyo maana hata ukihamishiwa kwenye madaraka au mali unabaki na harufu ya njaa. Sam naye, mwenzake Frodo safarini, alipoibeba pete kwa muda mfupi, alionyeshwa bonde la Mordor, nchi ya adui, likigeuka bustani kwa amri yake. Sam ni mtunza bustani. Hayo ni matamanio: picha ya jambo zuri analolipenda mtu, imekuzwa kupita kipimo chake. (Msidhani "tamaa" na "kutamani" ni ndugu wa damu. Yote mawili yametoka Kiarabu, lakini kwa mizizi tofauti. Masikio yetu ndiyo yaliyoyaunganisha.)

Na joka linalolalia lundo la dhahabu? Naona wahakiki wakiandika "ishara ya tamaa" bila kufikiri. Joka halitamani kitu, linacho tayari. Halili dhahabu, halinunui kitu, halimpi mtu. Huo ni uchoyo.

Lipo na hili ambalo Shaaban Robert alilipambanua kwa kutoa majina tu. Katika Adili na Nduguze, hadithi yenye majini na watu waliogeuzwa manyani, ndugu wawili wa Adili wanaitwa Hasidi na Mwivu. Hakuwaita Tamaa. Mwenye tamaa anataka kitu, akikipata huenda akatulia. Hasidi hakitaki kitu hicho kama anavyotaka wewe usiwe nacho. Ndiyo sababu ndugu hao wanamtupa Adili baharini ingawa alikuwa mkarimu kwao: ukarimu wake haukuwaponya, uliwachoma zaidi. Katika riwaya zako, mdogo wa mfalme anayekitolea macho kiti cha enzi mtazame vizuri. Ikiwa anakitaka kiti, ni tamaa au uchu wa madaraka. Ikiwa angefurahi hata kiti kikiungua, alimradi kaka yake asikikalie, hiyo ni husuda.

Sarufi nayo itakusaidia. Kwa Kiswahili mtu hutamani, lakini vilevile tamaa humwingia, hamu humshika, shauku humjaa. Na kitu chenyewe hutamanisha. Hizi ni njia tatu za kueleza nani mwenye nguvu: mtu, hisia, au pete. Mwanzoni mwa riwaya unaweza kuandika "aliitamani pete". Katikati, "tamaa ikamwingia". Karibu na mwisho, wakati mhusika hana tena la kuamua, "pete ikamtamanisha hadi akasahau alichokuja kufanya". Kitenzi kimehamia kwa pete, na msomaji ataona mtu anavyotwaliwa hata usipomwambia.

Ningeiandika upya sentensi yako hivi: "Pete ni ishara ambayo maana yake hubadilika kwa kila anayeishika: kwa Boromir ni shauku ya kuwaokoa watu wake, kwa Gollum ni uchu usioshiba." Ni ndefu kuliko yako, lakini ina kitu cha kuthibitisha katika kurasa zinazofuata.

Kuhusu jina la aina hii: "riwaya za fantasia" linatosha na linaeleweka. Wengine husema "za kinjozi". Si baya, ila njozi kwa wasomaji wengi ni ya usingizini kwanza. Ukitaka kubainisha zile za vita na safari za mashujaa, ongeza "za kitendi", kwa sharti uieleze mara moja mwanzoni, maana msomaji wetu akisikia utendi hutarajia beti.