Muulize Mwalimu: Kaburi la Vasco da Gama lina mtu?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mama yangu anakwenda Kochi, India, kwa matibabu, nami ndiye namsindikiza. Nasikia Vasco da Gama kazikwa kanisani huko. Ni kweli? Au nitapoteza nauli ya bajaji bure?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba, mwanangu, na mpe mama pole. Mimi nilifika hapo 2011, nami pia nikiwa na mgonjwa.

Kaburi lipo, mwenyewe hayupo. Bwana huyo aliyemtoza mtawala wa Kilwa dhahabu kwa vitisho mwaka 1502 alifia Kochi mkesha wa Krismasi 1524, akazikwa katika kanisa la Mtakatifu Fransisko. Haikufika 1540, mifupa ikarudishwa Ureno. Utakuta bamba la jiwe sakafuni, limezungushiwa uzio mfupi. Mimi lilinitosha kwa dakika mbili.

Tazama jengo. Wareno walianza na kanisa la mbao 1503, kisha wakajenga la kudumu lililokamilika 1516. Usitafute mnara mrefu: ni mlango wa tao, kuta nene na paa la vigae juu ya kenchi za mbao. Waholanzi walipouteka mji 1663 wakaligeuza la Kiprotestanti. Waingereza wakafuata 1795. Mawe ya makaburi yaling'olewa sakafuni yakapachikwa ukutani, ya Wareno upande huu, ya Waholanzi upande ule. Wamekufa zamani, bado hawachangamani!

Nilichokaa nacho nusu saa ni kile kilichoning'inia juu ya mabenchi: mbao ndefu zilizoshonewa vitambaa, zimefungwa kamba zinazotoka hadi nje. Padri akihubiri, wenyeji walikaa huko nje kwenye joto wakivuta kamba, vuta, achia, vuta, achia, ili Waingereza ndani wapate upepo. Wahindi huliita hilo pankha. Sasa tamka polepole jina la feni yetu ya darini: pangaboi. Tangu utotoni nalitaja neno hilo, nimelala chini yake kila Februari hapa Moshi, wala sikuwahi kujiuliza huyo boi alikuwa nani.

Nenda, mwanangu. Ila bei ya bajaji patana kabla hujapanda.