Jikoni na Wasomaji: Baga yenye ladha ya Unguja

SWALI: Shikamoo Bi Mpishi. Mimi ni mzaliwa wa Unguja mjini, nimeolewa Dodoma na huu ni mwaka wangu wa sita huku. Wanangu watatu wamezoea baga za dukani, nami nikaona niwatengenezee nyumbani, ila ziwe na ladha ya kwetu, ile ya mishkaki ya Forodhani na ya urojo, ule mchuzi mkali wa embe, niliokuwa nikinunua kila nikitoka skuli. Nilichukua kilo moja ya nyama ya kusaga, nikaitia papai bichi, thomu (kitunguu saumu), tangawizi, uzile (bizari nyembamba), ukwaju, kotmiri, kitunguu na yai, kisha nikaiacha usiku kucha kama tufanyavyo nyama ya mishkaki. Asubuhi nilikuta kitu mfano wa uji. Kikaangoni ilimeguka yote, na skonzi nilizonunua zililowa rojo hata watoto wakaomba vijiko. Nimekosea wapi?
Mama wa watoto watatu, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Waliokuharibia chakula ni wawili, papai na usiku. Papai bichi lina kimeng'enya kiitwacho papaini, ambacho kazi yake ni kuzikatakata protini za nyama, na ndiyo maana linaaminiwa sana na wachoma mishkaki. Lakini kipande cha mshikaki kimeshikamana, kwa hiyo papai huanza kukila kwa nje, na kabla halijafika katikati nyama imekwisha kuwekwa motoni. Nyama ya kusaga haina nje wala ndani. Kila punje yake imeguswa na papai tangu dakika ya kwanza, nawe ukalipa saa nane za kufanya kazi. Ukwaju nao, kwa ukali wake, huikaza na kuichachusha nyama mbichi iliyosagwa ikapoteza utamu. Vitunguu na kotmiri vilitoa maji, na maji ndiyo yaliyomalizia kuivunja kikaangoni.

Kuna kosa jingine ambalo hukulitaja, nalo ni kutaka Unguja nzima iingie ndani ya nyama. Ukishatia yai, kitunguu na bizari ndani ya nyama ya kusaga, ulichotengeneza ni kababu, na kababu ni kitu kizuri sana, lakini huliwa peke yake na ndimu pembeni. Baga inataka nyama iwe nyama. Ladha ya kwenu iweke kwenye mkate, kwenye moshi wa mkaa na kwenye rojo, mahali ambapo hata kwenye sahani ya urojo ndipo ilipo, kwa sababu hakuna anayekula urojo kwa ajili ya vile vipande viwili vitatu vya nyama. Watu wanaufuata ule ukali wa embe.

Wala usione haya kukichukua chakula cha watu ukakigeuza. Pizza ya Forodhani unaijua: unga uliotandazwa ukawa mwembamba kama karatasi, ukawekwa kima, kitunguu, pilipili na yai, ukakunjwa kama bahasha na kukaangwa juu ya chuma. (Kwa wasomaji wa bara, kima hapa ni nyama ya kusaga, mnyama hakuhusika.) Mpishi amechukua jina la Italia, lakini mkono wake umebaki na kazi inayoshabihiana zaidi na mutabaki ya Waarabu, na hakuna mteja aliyewahi kulalamika.

Tuanze na nyama. Ng'ombe wetu wengi wa kienyeji hukulia malishoni na nyama yao haina mafuta mengi, ilhali baga isiyo na mafuta hutoka kavu kama kifuu. Usinunue nyama ambayo tayari imesagwa. Mwambie muuza nyama akupimie robo tatu ya kilo ya kidari, na kama kidari chenyewe ni chekundu kitupu, akuongezee kipande cha nundu, ili mafuta yawe kiasi cha sehemu moja katika tano. Aisage mara moja tu, kwa tundu kubwa. Ukifika nyumbani gawa madonge sita ya kiasi cha gramu 120 kila moja, uyabonyeze kwa viganja yawe na unene wa sentimita 2 na upana uzidi mkate kidogo, maana motoni nyama hujikusanya, kisha utie kishimo katikati kwa kidole gumba ili isivimbe kama andazi. Usiikande. Kadiri unavyoikanda ndivyo inavyozidi kuwa ngumu. Yaweke kwenye friji nusu saa.

Chumvi iache hadi dakika ya mwisho, na uinyunyize juu tu. Chumvi ikichanganywa mapema na nyama ya kusaga huyeyusha baadhi ya protini zake, nazo hugandana, ukapata kitu kinachodunda mdomoni kama soseji. Hilo nimejifunza kwa aibu, siku niliyotia chumvi asubuhi kwa ajili ya wageni wa magharibi, na shemeji yangu akaniuliza kama nimeanza kupika mipira.

Kwa moto, tumia jiko la mkaa. Dodoma mkaa upo, na utamu wa mishkaki nusu yake ni yale mafuta yanayodondokea makaa na kurudi juu kama moshi. Gesi haikupi hilo. Ngoja makaa yavae jivu, uweke wavu, kisha nyama. Usiibonyeze kwa mwiko hata mkono ukikuwasha, maana kile kishindo cha mafuta unachokisikia ni utamu unaokukimbia. Igeuze mara moja, na dakika mbili za mwisho uipake kwa brashi mchuzi wa ukwaju uliochemshwa na thomu, tangawizi, uzile na pilipili. Vitu vyote ulivyovitia ndani ya nyama safari ile sasa vinakaa juu yake, vinaungua kidogo pembeni, na pua yako itakwambia umefika ukutani pale Forodhani. Hakikisha imeiva mpaka ndani. Vijidudu vya nyama hukaa juu yake, lakini mashine ya kusagia huvichanganya mpaka katikati, kwa hiyo uwekundu unaoruhusiwa kwenye kipande cha stiki hauruhusiwi hapa. Mwenye kipimajoto asome nyuzi 71 za Selsiasi katikati. Asiye nacho apasue moja, maji yake yawe maangavu.

Sasa mkate, na hapa ndipo ningependa utumie muda wako. Unahangaikia skonzi za dukani ilhali umezaliwa katika mji wenye mkate wa ufuta? Baga za dunia nzima hunyunyiziwa ufuta juu, na kwenu ufuta ndio jina la mkate wenyewe. Changanya gramu 400 za unga wa ngano, vijiko viwili vya chai vya hamira, kijiko kimoja cha sukari na kimoja cha chumvi, kisha utie mililita 300 za tui zito la uvuguvugu kidogo kidogo huku ukiupiga kwa mkono. Unga huu haukandwi kama wa chapati. Ni mlaini, unanata, na unatakiwa unate. Ukishaumuka maradufu, lowesha mkono, chukua fungu moja kati ya sita, ulitandaze kwenye kikaango kidogo kikavu kilichopata moto, kisiwe cha aina isiyogandisha, wala usitie mafuta. Paka tui juu, nyunyiza ufuta. Chini ukishashika rangi na kugandana na chuma, kipindue kikaango chenyewe, mkate utazame makaa kwa umbali wa kama shubiri moja. Wa mara ya kwanza huchelea kuwa utadondoka, lakini haudondoki, ndiyo sababu tumekataa mafuta. Utauona uso wake ukivimba, ukipata madoa ya hudhurungi, na ufuta ukianza kunukia. Hapo ubandue kwa kisu. Waliokulia Unguja wanaijua harufu hiyo kwa jina moja tu, Ramadhani saa kumi na moja jioni. Kama makaa yanakutia hofu, oveni ya nyuzi 220 itauivisha kwa dakika 12 hadi 15, ingawa sitajifanya kwamba ni sawa.

Rojo lako lililowesha mikate kwa sababu lilikuwa rojo la bakuli. La baga liwe zito la kupakwa. Chemsha embe mbichi moja ndogo iliyomenywa katika kikombe kimoja cha maji, pamoja na nusu kijiko cha chai cha manjano na chumvi, hadi ilainike. Iponde humo humo, utoe kokwa, umimine vijiko vitatu vikubwa vya unga wa ngano uliovurugwa katika maji baridi, kisha ukoroge kwa dakika sita au saba hadi harufu ya unga mbichi iishe. Likipoa kamulia ndimu. Embe zikiadimika huko Dodoma, ukwaju unafaa, ila rangi itakuwa nyeusi kidogo.

Pasua mkate, upande wa ndani uupake samli na kuuchoma kidogo, maana samli huzuia maji. Chini paka chatne ya nazi iliyosagwa na pilipili mbichi, thomu, kotmiri na ndimu, weka nyama, juu yake rojo, kisha vitunguu vilivyokatwa vyembamba na kuoshwa kwa chumvi, na vipande viwili vya tungule (nyanya). Malizia kwa kripsi za muhogo konzi moja, ziwekwe wakati mtu yuko tayari kula, kwa sababu baada ya dakika tano zinalegea. Jibini usiitie, pamoja na nazi na samli italemea. Kechapu waachie watoto, kwani vita hiyo hatutaishinda mwaka huu.

SWALI: Bi Mpishi, mama mkwe wangu hagusi baga kwa sababu anasema neno lenyewe la Kiingereza, hambaga, lina nyama ya nguruwe ndani yake, kwa kuwa "ham" kwa Kiingereza ni nyama ya nguruwe. Ni kweli?
Msomaji, Tanga

JIBU: Si kweli, mwambie ale. Jina limetokana na mji wa Hamburg huko Ujerumani, na wahamiaji wa Kijerumani waliofika Marekani katika karne ya 19 ndio waliokwenda na nyama ya ng'ombe ya kusaga iliyobeba jina hilo la mji. Kutiwa katikati ya mkate kulikuja huko huko Marekani. Kwa hiyo baga tangu mwanzo ni chakula kilichoitwa kwa jina la mji wa watu, na yule mama wa Dodoma anayetaka kuipa ladha ya mji wake hajatoka nje ya mstari. Ila neno peke yake halihalalishi nyama. Dukani mama mkwe na aulize kilichomo, au mumchinjie na mumpikie wenyewe.

SWALI: Assalamu alaykum. Sisi tuko Maskati, wazee wetu walitoka Unguja. Mishkaki huku iko barabarani kila jioni, kwa hiyo watoto hawaioni kuwa kitu kipya. Nataka baga ya samaki, jodari au nguru. Je, nifuate njia ile ile ya nyama?
Mpishi wa nyumbani, Maskati

JIBU: Waalaykumu salaam. Chumvi ndiyo inayobadilika. Samaki hana yale mafuta ya kidari ya kumshikilia, kwa hiyo kile tunachokikimbia kwenye nyama ya ng'ombe ndicho tunachokitafuta hapa. Chukua minofu ya nguru iliyo baridi sana, theluthi moja uikate na kuiponda kwa kisu pamoja na chumvi mpaka inate kwenye vidole, na theluthi mbili uziache vipande vya ukubwa wa punje ya hindi. Changanya, tia tangawizi, pilipili na maganda ya ndimu yaliyokwaruzwa, uumbe, uache kwenye friji saa nzima. Usiweke kwenye wavu, itang'ang'ania. Ikaange kwa mafuta kidogo. Ukwaju wa kupaka ni ule ule. Jodari ningemwacha kama kipande kizima, maana akisagwa hukauka upesi.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi, nimepanga chumba Morogoro, nina jiko dogo la gesi na sufuria mbili. Nyama sina uwezo nayo wiki hizi. Je, nami nina baga?
Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Unayo, tena ya bei ya viazi vinne. Chemsha mbatata, uziponde zingali moto, utie chumvi, pilipili mbichi iliyokatwa, thomu, bizari ya manjano kidogo na ndimu. Hizo ni kachori, isipokuwa wewe usizifinyange kuwa mviringo wa mpira, zibonyeze ziwe bapa. Zichovye kwenye unga wa dengu uliokorogwa kwa maji uwe mzito kama maziwa mgando, uzikaange kwa mafuta ya kina cha vidole viwili. Tia kwenye boflo iliyopasuliwa, pamoja na chatne. Mji wa Mumbai una mkate wa namna hiyo, wanauita vada pav, na mamilioni ya watu huko huondoka nao asubuhi kwenda kazini wakiwa wameshiba. Sufuria ya pili ichemshie rojo. Usilifanye zito sana, kwa sababu kachori hunywa.