Usiukwangue huo mwembe

Ndugu wa Mbezi, unauliza kama mabaka meupe yenye vistari vyeusi kwenye mwembe wako ni ugonjwa au mkono wa mtu, na kama upake chokaa. Usipake. Kwa maelezo yako, hiyo ni Graphis, aina ya kuvumwani: kuvu na mwani vinavyoishi pamoja kama kiumbe kimoja. Jina limetokana na neno la Kigiriki la kuandika, na kweli utadhani mtoto wa madrasa kapitisha kalamu.

Shika kioo cha kukuzia: kila kistari kina mpasuko katikati, kama mdomo uliofumbwa. Humo kuvu hutoa spora zake, yaani chembe za kuzaliana. Mti haunyonywi, mwani ndio unaopika chakula kwa mwanga wa jua. Ukikwangua utajeruhi gome bure. Majani yakinyauka, kagua mizizi na wadudu.