Kabla ya Kununua Programu ya Kliniki ya Meno, Uliza Utakavyoihama

Kliniki yetu ilipoachana na mafaili ya karatasi, tulichagua programu kwa sababu kalenda yake ya miadi ilipendeza na mhudumu wa mapokezi aliizoea kwa siku moja. Kosa letu tulilitambua miaka minne baadaye, tulipotaka kuhamia programu nyingine, na kampuni iliyotuuzia ikatukabidhi kumbukumbu za wagonjwa katika kurasa za kuchapisha tu. Chati za meno tuliziingiza upya kwa mkono, mgonjwa mmoja baada ya mwingine, jioni baada ya kazi.

Kwa hiyo ninamshauri kila mwenzangu aanze na swali hili: siku nikiondoka, nitaondoka na nini? Usiridhike na ahadi. Omba wakutolee taarifa za mgonjwa wa majaribio ukiwa unaona, kisha uzifungue kwenye kompyuta isiyo na programu yao. Miadi na malipo yawe kwenye majedwali, na picha za eksirei ziwe katika DICOM, muundo wa kimataifa wa picha za kitabibu, ambao hubeba jina la mgonjwa na tarehe ndani ya faili lenyewe.

Chati ya meno ndiyo ya kukaguliwa kwa makini kuliko yote. Mfumo wa kuhesabu meno wa FDI, shirikisho la madaktari wa meno duniani, hulipatia kila jino tarakimu mbili, ya kwanza ikitaja robo ya kinywa na ya pili nafasi ya jino kuanzia katikati, ilhali mfumo uliozoeleka Marekani huhesabu meno ya mtu mzima mfululizo, 1 hadi 32. Namba 16 kwa FDI ni gego la kwanza la juu kulia. Kwa Wamarekani ni gego la mwisho la juu kushoto. Taarifa zikihamishwa bila kubadilishwa namba, kompyuta haitalalamika, na daktari ataelekezwa kwenye jino lisilo na tatizo. Jaribu pia chati ya mtoto wa miaka minane, mwenye meno ya utotoni na ya kudumu kwa pamoja. Programu mojawapo tuliyoijaribu ilitulazimisha kuchagua aina moja, nasi tukaiacha hapo hapo.

Kila mfanyakazi awe na nenosiri lake, na ijulikane kazi itaendeleaje intaneti ikikatika. Wakishakujibu kuhusu kuondoka na taarifa zako, jibu hilo liandikwe kwenye mkataba, pamoja na idadi ya siku watakazochukua kukukabidhi, kabla hujatia saini.